Barua ya wazi: kabla hamjachimba bahari ya kusini, ikagueni kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, ndugu zetu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mliokabidhiwa magofu, wakubwa wa bandari na wakubwa wa gesi, Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, na wakurugenzi wa halmashauri zetu za pwani.

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wanaostahili shikamoo wote shikamooni.

Naandika nikiwa Kilwa Masoko, kazi yangu boti, navusha watu kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, visiwa vyenye magofu ya miji ya zamani, watalii, walimu na wanafunzi wao, wagonjwa, kina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao, na kwa miaka mingi nimewabeba watafiti pia, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa nje, nikashika kamba zao, nikashika fimbo zao za kupimia, nikasikiliza wanachobishana. Nayoyasema humu mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyapata kwao na kuyasoma mwenyewe kwenye simu usiku, na nayasema hadharani maana naona muda unakwenda.

Ombi lenyewe nalitoa mapema, asije mtu akachoka kabla ya kulifikia. Kabla mitambo ya kuongeza kina haijashuka kwenye maji ya Lindi na Mtwara, iwe kwa bandari, iwe kwa gati la gesi, iwe kwa kitu kingine chochote, naomba sakafu ya bahari ikaguliwe na watu wa akiolojia wanaojua kupiga mbizi, na ukaguzi huo uende sambamba na kuta za magofu na makaratasi ya zamani yaliyomo kwenye nyumba zetu, maana kuta, karatasi na bahari ni habari moja na mkiigawa kila idara ikabaki na kipande chake hakuna atakayeielewa.

Chukueni mtu mmoja tu, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 alimkuta huyu huyu kwenye kiti, akaandika kwamba watu walimwita baba wa zawadi, akasimulia mpaka kisa cha fakiri aliyemwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, naye akaingia ndani akazivua akampa. Alafu kuna historia ya masultani wa Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, nayo inamtaja. Alafu akaja Neville Chittick, yule Muingereza aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960, akakuta Husuni Kubwa maandishi yaliyochongwa yenye jina lake na cheo chake, ndo ikajulikana lile jumba la vyumba zaidi ya mia, lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari, ni la nani hasa. Sarafu zake za shaba zimeokotwa nyingi, za dhahabu zinajulikana tatu, na moja ya shaba imekutwa kule Great Zimbabwe, kwenye nchi iliyokuwa inatoa dhahabu ikapitia bandari ya Sofala ikaja kwetu. Yaani mtu mmoja tumempata kwenye kitabu cha msafiri, kwenye kitabu cha kwao, kwenye ukuta na kwenye sarafu. Ila utajiri wake wote huyo mtu ulipita baharini, ulikuja kwa vyombo na ukaondoka kwa vyombo, na bahari ndo tuliyoiuliza kidogo kuliko vyote.

Mfano mwingine ni Msikiti Mkuu wa Kisiwani. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ya kusini yenye makuba na matao iliongezwa karne ya 14. Historia ile ya Kiarabu inasema msikiti ulikuja kuporomoka, ukakaa hivo kwa miaka mingi, mpaka masultani wa baadae wakausimamisha tena karne ya 15. Sasa ukienda leo ukisimama katikati ya nguzo, fundi mzuri atakuonyesha kwa kidole, hapa kazi imebadilika, hapa mkono ni mwingine. Kitabu kimesema na jiwe limesema, vikakutana. Bila kitabu tungeona ukuta umebadilika tusijue kwa nini, na bila ukuta tungesema kitabu kinapiga hadithi tu.

Na kuta zetu zinazungumza habari za bahari pia, hili watu wengi hawalijui. Kwenye plasta za Kisiwani na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo, imekwaruzwa na kitu chenye ncha, hata kisu yawezekana, mlingoti, tanga, kamba za kushikilia mlingoti. Ukipita mchana jua likiwa juu huoni kitu. Nenda saa kumi na moja jioni, au chukua tochi uimulike kwa ubavu, uilaze karibu kabisa na ukuta, mistari inatokea mmoja mmoja mpaka unaona chombo kizima. Nimewahi kushika hiyo tochi huku mtafiti anachora na sikutaka aizime. Aliyechora alikuwa mtu anayejua vyombo, maana kamba kaziweka zinapokaa. Na plasta hiyo ni chokaa laini, mvua ikiipiga inamenyeka, mtoto akiweka jina lake juu na msumari ndo basi. Naomba michoro hii yote ipigwe picha na ipimwe, kila ukuta, maana ni rekodi ya majahazi na mitepe, vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ambayo mbao zake zimeoza zamani, na siku mkikuta mabaki ya chombo chini ya maji mtarudi kwenye ukuta huo kulinganisha.

Sasa niingie baharini kwenyewe.

Bamvua ikitoka sana, pale mwambani tunapokanyaga kutafuta pweza, zinaonekana njia zilizojengwa kwa vipande vya matumbawe, zimenyooka kutoka ufukweni kwenda nje. Watafiti wamekuja wakazipima wakaziandika, ni za enzi za Kilwa yenyewe, watu walizijenga kwa mikono maji yakiwa yametoka. Kina mama wa pweza wanazijua zote. Wanajua pia wapi kuna vigae vingi, vya rangi ya kijani na vya bluu na nyeupe, vingine vimetoka Uajemi na vingine China. Wavuvi wetu wanajua sehemu ambazo wavu unanasa kila mara na hakuna mwamba. Hizo taarifa zote ziko vichwani mwa watu, na wengi wao ni wazee. Sijaona ofisi yoyote hapa iliyokaa nao na ramani mezani ikawaambia mzee, tuwekee alama.

Mnaweza kuuliza kuna nini cha kukutwa huko. Nawajibu kwa yale yaliyoandikwa tu. Meli za Wareno, za Vasco da Gama, zilikuja hapa mwaka 1502 kudai kodi, za Francisco de Almeida zikaja Julai 1505 wakaupora mji na kujenga ngome pale ilipo Gereza, lile boma la zamani la Kisiwani. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikishana na sultani wa Kilwa mkataba wa kuchukua watumwa elfu moja kila mwaka kupeleka visiwa vya Wafaransa. Huo ni usafiri wa mamia ya miaka kwenye mlango ule ule, wenye miamba ile ile, na kusi ile ile inayotupiga sisi leo. Kila nahodha wa huku anajua maana yake.

Lindi mjini nako. Vita vya kwanza vya dunia, meli ya Kijerumani iitwayo Präsident ilijificha ndani ya mto Lukuledi, kazi yake kuipelekea makaa manowari ya Königsberg. Oktoba 1914 Waingereza waliikuta, na ndani yake wakapata karatasi zilizowaonyesha Königsberg imejificha delta ya Rufiji, ambako ilikuja kuangamizwa Julai 1915. Hebu fikirieni, meli ndani ya mto wa Lindi, karatasi ndani ya meli, na karatasi hiyo ikageuza vita vya bahari pwani yetu nzima. Watoto wa Lindi wanapita ukingoni mwa mto huo wakienda shule, hakuna hata kibao.

Na hapa ndo penye tatizo la sheria, wanasheria wetu naomba mlisome vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo kinahitaji Waziri akitangaze. Maana yake Boma la Mikindani lililojengwa na Wajerumani 1895, nyumba za wafanyabiashara za Kilwa Kivinje, au kipande cha chuma cha meli ya 1914, vyote vinasubiri mkono wa Waziri. Mheshimiwa, mkono huo unao. Sheria hiyo hiyo inalinda milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, na bado tunaona nyumba inaanguka mlango unaondoka usiku, haujulikani umekwenda hoteli gani.

Narudi baharini. Vitu vitatu vinatisha huko chini. Kwanza mabomu. Uvuvi wa baruti umeipiga pwani hii ya Kilwa mpaka Mtwara miaka mingi, na ijapokuwa doria zimesaidia sana, kila bomu lililowahi kulipuka mwambani halikuua samaki na matumbawe tu, chungu kilichokaa miaka mia saba pale chini nacho kimekuwa unga. Pili vyuma chakavu, bei ya skrepa ikipanda kuna vijana wanazama kutafuta chuma chochote, na siwalaumu, mtu anatafuta ugali, ila hakuna aliyewaambia kipi waache na kwa nini. Tatu ndo hili kubwa, ujenzi.

Na nieleweke vizuri hapa. Sisi bandari tunaitaka. Rais Samia alikuja mwenyewe Septemba 2023 kuweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Masoko na tulishangilia, maana tumeuza samaki kwa bei ya kutupa miaka yote kwa kukosa pa kuwahifadhi. Gesi ya mradi wa Likong'o, Lindi, nayo tunaisubiri, vijana wa Lindi wamesomea kuchomelea na umeme wakiisubiri hiyo. Sitaki mtu aje aniambie napinga maendeleo. Nachosema ni kwamba mlango wa Kilwa ni bandari toka zaidi ya miaka elfu iliyopita, kwa hiyo penye kina kizuri kwa meli yenu ndo hapo hapo palipokuwa na kina kizuri kwa jahazi la Sultani al-Hasan. Mkichimba matope pale mnachimba ghala. Kama ukaguzi wa akiolojia chini ya maji umeshafanyika kwenye miradi hii, basi majibu yawekwe wazi kwa Kiswahili, yabandikwe hata kwenye ofisi ya kata tusome. Na pale ambapo bado, ufanyike kabla mtambo haujashuka, maana mtambo ukishakoroga tope hakuna atakayerudisha tabaka lilivyokuwa, na kwa wataalamu tabaka ndo kila kitu, kigae bila tabaka lake ni kigae tu.

Pesa? Hapa nina jambo la kuwaambia ndugu zangu wa gesi. Bahari ya kusini imeshapimwa sana, meli za utafiti wa gesi zimepita toka enzi za kutafuta Songo Songo na Mnazi Bay mpaka vitalu vya kina kirefu, zikapiga mawimbi ya sauti na kuchora sakafu. Data hizo zipo. Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliomba data za namna hiyo, zilizopimwa kwa ajili ya kutafuta mafuta ya bahari ya Kaskazini, wakazitumia kuchora mito na mabonde ya Doggerland, nchi nzima iliyomezwa na bahari zamani ambako watu waliishi. Hawakuanza na meli yao wenyewe, walianza na data iliyokuwa imekaa kabatini. Hatuombi siri za biashara, tunaomba vipande vya maji mafupi vilivyo karibu na pwani, TPDC, shirika letu la petroli, ikae meza moja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waangalie. Gharama ya kuanza hapo ni ndogo.

Na naomba kitu kingine kabla mtu hajaingiwa na tamaa. Tukikuta chombo chini, kisiinuliwe haraka. Mkataba wa UNESCO wa 2001 juu ya urithi wa chini ya maji unasema chaguo la kwanza ni kukiacha pale pale kilipo, na sababu ni ya kifundi kabisa. Mbao iliyokaa chini ya tope karne tatu imejaa maji, maji ndo yanayoishikilia, ukiitoa ukaianika inajikunja na kupasuka mbele ya macho yako. Inatakiwa ikae kwenye maji matamu kutolewa chumvi, alafu iingizwe dawa taratibu kwa miaka. Wenzetu wa Mombasa walichunguza meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, walianza kuichimba 1977, vyombo na mizinga na vitu vya mabaharia vikaenda makumbusho ya ngome, watu wanalipa kiingilio kuviona mpaka leo. Ila Msumbiji kuna kampuni ya biashara ilipewa kibali, na vyombo vya kaure kutoka kwenye mabaki ya meli vikaishia mnadani Ulaya. Sisi tuko katikati ya hao wawili, juu kidogo Kenya chini kidogo Msumbiji, chaguo ni letu. Asipewe mtu kibali cha kuinua na kuuza. Hata mmoja.

Makaratasi sasa. Hili linaniuma zaidi, maana bahari angalau inatunza.

Nakala ya ile historia ya Kilwa kwa Kiarabu iko British Library, London, ilitoka Zanzibar, Sultani Barghash alimpa balozi Muingereza John Kirk. Toleo lingine linapatikana kwa Mreno João de Barros, aliyelitia kwenye kitabu chake kilichotoka 1552. Na barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana mpaka sasa, zilizoandikwa hapa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, enzi za Mfalme Fatima, mwanamke, malkia wetu, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Zilikuwa zinakwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Yaani mtoto wa Kilwa akitaka kuona babu zake walivyoandika Kiswahili chao kwa mkono wao miaka zaidi ya 300 iliyopita inabidi apande ndege. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, huku huku Lindi, ilichukuliwa Berlin kati ya 1909 na 1913, hiyo kila mtu wa Lindi anaijua na anailalamikia, lakini barua ya Mfalme Fatima nani anaililia? Sisemi irudishwe kesho. Nasema picha zake nzuri, za kusomeka, ziwepo Kilwa, na tafsiri ya maneno ya zamani iwepo pembeni, mwanafunzi wa kidato cha pili azisome.

Na yapo makaratasi bado hayajaondoka. Yamo kwenye masanduku, Kivinje, Kisiwani, Mikindani, Sudi, Lindi mjini, kwenye familia za mashekhe na za wafanyabiashara wa zamani. Misahafu ya mkono, tenzi, dua, hati za mashamba ya minazi, barua za madeni, nasaba. Nimeonyeshwa moja na mzee ambaye sitamtaja, karatasi nene ya rangi ya chai, wino mweusi umekolea utasema wa juzi, ila pembe yote ya chini imeliwa na mchwa kama ramani, na ile sehemu iliyoliwa ndo palipokuwa na tarehe. Mzee hakuweza kuyasoma yote ila alijua ni ya babu yake na alijua shamba gani linatajwa. Hakutaka yaondoke nyumbani kwake hata dakika, na ana haki, maana zamani kuna mgeni alikuja akapiga picha karatasi za jirani, akasema ataleta nakala, mpaka leo.

Alafu kuna jambo la dini ambalo wataalamu wasipolielewa watapoteza kila kitu. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jalalani. Ikichakaa huzikwa au hutoswa baharini kwa heshima, na huo ni uchamungu, si ujinga. Kwa hiyo nyaraka nyingi zinaondoka kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni mashekhe wenyewe wa Lindi na Mtwara kushirikishwa, watangaze baada ya sala ya Ijumaa kwamba kabla hujazika, pita pale zipigwe picha. Lamu walifanya hivo na miswada ya Msikiti wa Riyadha, ikapigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, miswada yenyewe ikabaki Lamu. Huo ndo utaratibu tunaoutaka, mashine inakuja kwenye nyumba, karatasi haiondoki, mwenyewe anapewa nakala siku hiyo hiyo, na boksi lisiloingiza mchwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hazina ya miswada ya Kiswahili na watu wanaosoma herufi hizo, wapeni gari na mafuta waje huku.

Kuta nazitaja kwa ufupi maana mnazijua, ila kuna moja lazima niliseme. Acheni saruji. Magofu yetu yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Kuna ukarabati ulifanyika sehemu, sitaji wapi wala nani, fundi akaziba kwa saruji, ikapendeza, picha zikapigwa. Nimepita pale baada ya masika mbili, kiraka cha saruji kimesimama kigumu na mawe ya zamani pembeni yake yamekuwa unga, unyevu umekosa njia umetokea kwenye jiwe na chumvi yake. Ni sawa na kumfunga mgonjwa wa homa blanketi la nailoni. Mafundi wa chokaa wapo Kisiwani na Songo Mnara, walifundishwa kwenye ukarabati ule mkubwa uliofanya UNESCO itutoe kwenye orodha ya hatari mwaka 2014 baada ya kukaa humo toka 2004. Sasa wengine wanaendesha bodaboda. Mtu anayejua kuchoma chokaa, kuiloweka, kuiacha ikomae, kuichanganya na mchanga kwa kipimo, anaendesha bodaboda! Waajirini, hata kwa zamu, na wapewe vijana wa kuwafundisha.

Mikindani nako ndugu zangu wa Mtwara msikae kimya. Boma limekarabatiwa vizuri, sawa, lakini Mikindani si Boma tu, ni ule mji wa mawe wote chini yake, vibaraza, zidaka, ghorofa zilizobaki ukuta mmoja wenye mti umeota juu. Ni mji aliotua Livingstone mwaka 1866 akiingia bara, ila mimi hilo la Livingstone halinisumbui sana, linalonisumbua ni kwamba ghuba yake ni bandari ya majahazi toka enzi na chini ya maji yake sijasikia mtu amekagua.

Kwa hiyo naomba hivi. Bajeti ya wizara mwaka huu ikisomwa bungeni Dodoma iwe na fungu lenye jina lake, ukaguzi wa urithi wa chini ya bahari Lindi na Mtwara, hata kama ni dogo. Watanzania waliosomea akiolojia ya kupiga mbizi wapo, wachache, waiteni, na waongezeeni vijana wa huku huku, kijana wa Songo Mnara anazama bila mtungi toka ana miaka kumi, mfundisheni kupima na kuandika. Iwekwe ofisi moja Kilwa ya mambo yote matatu, kuta, karatasi na bahari, yenye chumba kikavu cha kuhifadhia na mtu anayepokea simu, ili mvuvi akinasa kitu kwenye wavu ajue anampigia nani na asiogope kwamba atakamatwa au atanyang'anywa. Makumbusho ya Taifa iliyo jirani nasi ipo Dar es Salaam, safari ndefu, hakuna mvuvi atakayepeleka kigae Dar es Salaam. Na miradi ya bandari na gesi iwe na sharti kwenye mkataba, mtaalamu wa akiolojia akiwepo pale mtambo unapofanya kazi, mwenye mamlaka ya kusema simamisheni, na mtambo ukasimama.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilivyokata barabara yetu huku kusini tulibaki visiwani, na mawimbi yale yale yaligonga kingo za Kisiwani chini ya Gereza ambako bahari inakula udongo kila mwaka. Kipindi cha kufanya kazi kwenye maji haya mazuri, yenye mwanga mpaka chini, ni kaskazi ikitulia, kuelekea masika yaani, na tena mwishoni mwa mwaka kusi ikishalala. Mkianza kupanga sasa mnaiwahi ile ya mwisho wa mwaka. Mkisubiri ripoti ya kamati, maji yatakuwa yamechafuka.

Watu wa kuwaonyesha tupo. Wazee wa Kisiwani wapo, kina mama wa pweza wapo, mafundi wapo. Tunaomba jibu la maandishi, na tunaomba lije kupitia serikali ya kijiji ili lisomwe mkutanoni wote tusikie.

Wenu,
Nahodha wa boti, gati la Kilwa Masoko, Lindi